Maswali ya Wasomaji: Mwanafunzi wa Udaktari Aanzie Wapi Utafiti?

Barua nne za mwezi huu zimetoka kwa watu wasiojuana, kutoka miji minne ya Uganda, na zote zinahusu utafiti wa wanafunzi wa udaktari. Nimeanza na ile iliyonichukua muda mrefu zaidi kuijibu. Majina nimeyaacha, kama walivyoomba wenyewe.

SWALI

Daktari, nakusalimu kwa heshima. Mimi ni mzaliwa wa Arua, nasoma mwaka wa tatu wa udaktari hapa Mbarara. Nimewaona kaka na dada zetu wa mwaka wa tano wakihangaika kuandika utafiti wao katika miezi ya mwisho, wengine hata wakilipa watu wa vibanda vya kuchapa wawaandikie. Sitaki kufika huko. Lakini sina fedha, sina mada, na kila nikifika mlangoni kwa profesa moyo unanienda mbio, narudi. Nianzie wapi?

JIBU

Mdogo wangu, umenifurahisha kwa kuuliza mapema. Mwaka wa tatu ndio hasa wakati wake: umeanza kuingia wodini, macho yako bado yanashangazwa na mambo ambayo sisi wakubwa tumeyazoea hata hatuyaoni tena, na una muda wa kukosea na kurekebisha. Wanafunzi wengi huanza kwa kutafuta mada. Huketi maktaba wakaandika kichwa kama "Sababu za Vifo vya Wajawazito Nchini Uganda", kisha wakakwama kwa sababu hakuna mtu mmoja, tena mwenye mitihani, anayeweza kulimaliza pori kubwa namna hiyo. Wewe tafuta swali, na ulitafute pale pale unaposimama kila siku.

Nitakueleza lilivyonipata mimi. Nikiwa mwaka wa tatu tulipelekwa kijijini kwa wiki kadhaa, katika kituo cha afya cha daraja la tatu, kujifunza afya ya jamii. Jioni moja mvua ilitufungia ndani, nikafungua rejista ya uzazi kwa sababu tu hapakuwa na kitabu kingine cha kusoma. Nikapitisha kidole kwenye safu ya uzito wa watoto: 3.0, 3.0, 2.5, 3.0, 3.5, 3.0, 2.5. Ukurasa baada ya ukurasa ilikuwa hivyo, na mtoto wa kilo 2.7 au 3.2 alikuwa wa kutafutwa. Watoto hawazaliwi kwa nusu kilo nusu kilo. Nilipomwuliza mkunga, alinipeleka kwenye mizani yenyewe, ile ya springi inayoning'inia, akatundika mfuko wa sukari, nikauona mshale ukicheza huku na huku bila kutulia. "Usiku niko peke yangu," akaniambia. "Mama mmoja anajifungua, mwingine anatoka damu. Mshale ukikaribia namba ninayoiona vizuri, naandika hiyo."

Yule mkunga hakuwa mvivu hata kidogo. Sijapata kuona mtu anayefanya kazi kama yeye. Lakini tazama kinachotokea. Mtoto huhesabiwa kuwa na uzito pungufu akizaliwa chini ya gramu 2,500. Aliyezaliwa na gramu 2,430 akiandikwa 2.5, anatoka katika hesabu ya watoto wanaotakiwa kuangaliwa kwa karibu, na taarifa ya kituo ikifika wilayani inaonyesha watoto wadogo wachache kuliko waliozaliwa kweli. Swali langu la kwanza la utafiti likawa hilo: katika rejista hii, ni watoto wangapi ambao uzito wao umesogezwa hadi nusu kilo iliyo karibu? Halikuhitaji maabara wala kemikali. Lilihitaji ruhusa, daftari lililopigwa mistari, kalamu, na uvumilivu wa kukaa kwenye benchi gumu.

Usidhani kwamba kuanza na kilicho mbele ya macho ni kazi ya wanafunzi tu. Mwaka 1957 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala, aliitwa na mwenzake Hugh Trowell amtazame mtoto aliyevimba taya pande zote. Baadaye kidogo, alipokuwa Jinja, akamwona mtoto mwingine mwenye uvimbe wa namna ile ile. Angeweza kuwatibu wote wawili na kuendelea na shughuli zake. Alichofanya ni kurudi kwenye kumbukumbu za hospitali kutafuta watoto wengine wa aina hiyo, na mwaka 1958 akachapisha makala iliyoueleza uvimbe huo. Kisha akazitumia hospitali za sehemu nyingi za Afrika karatasi zenye picha, akiwauliza madaktari kama wameuona kwao, na mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakapanda gari wakasafiri karibu kilomita 16,000, hospitali hadi hospitali, wakijaza ramani. Ramani ikaonyesha kwamba ugonjwa ulifuata sehemu zenye joto na mvua, na ukapungua penye miinuko na baridi. Mwaka huohuo Burkitt alitoa mhadhara London. Mmoja wa waliomsikiliza, Anthony Epstein, akaomba apelekewe vipande vya uvimbe kutoka Kampala, na mwaka 1964 yeye na wenzake wakatangaza kirusi ambacho leo kinaitwa Epstein-Barr. Hadubini kubwa ya elektroni, iliyokionyesha kirusi hicho, ilikuja mwishoni. Mwanzo ulikuwa mtu aliyewaona watoto wawili akauliza kama wapo wengine.

Basi kwa mwezi mmoja beba daftari dogo kwenye mfuko wa koti lako jeupe. Kila raundi ya wodi, andika jambo moja lililokufanya ujiulize "kwa nini" au "mara ngapi": kwa nini majibu ya hadubini ya malaria yanafika baada ya mgonjwa kupewa dawa, mara ngapi shinikizo la damu la mama aliyejifungua limepimwa kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani. Mwishoni mwa mwezi utakuwa na maswali 20 au zaidi, na mengi utayafuta mwenyewe. Yatakayobaki yapime kwa namna hii: je, naweza kulijibu nikiwa na muda na nauli niliyonayo, na je, jibu likipatikana yupo mtu katika wodi hii atakayebadilisha anachofanya? La pili hilo wanafunzi hulisahau, nami nalithamini kuliko la kwanza. Muuguzi mkuu wa wodi akikuambia kwamba jibu la swali lako angelipenda hata yeye, shikilia hapo hapo.

Kabla hujaenda mbali, soma. Huhitaji kulipa kitu. PubMed, hazina ya mtandaoni ya kutafutia makala za tiba, iko wazi kwa kila mtu mwenye intaneti, na kupitia mpango wa Hinari wa Shirika la Afya Duniani vyuo vya nchi yetu vinaweza kufungua majarida mengi ambayo vinginevyo ni ya kununua. Mwulize mkutubi wa chuo akupe njia ya kuingia. Jarida la African Health Sciences, linalotoka Makerere, lina makala nyingi zilizofanywa katika hospitali zinazofanana na yako, nalo husomwa bure. Usiishie kwenye muhtasari wa juu. Nenda sehemu ya mbinu, uone waliwapataje wagonjwa wao, walihesabu nini na waliacha nini, kwa kuwa humo ndimo utakamojifunza ufundi wenyewe. Makala tano zilizosomwa hivyo, kalamu mkononi, zinakufaa kuliko 50 zilizopakuliwa zikakaa kwenye simu.

Kuna jambo moja la hesabu nataka uliepuke tangu sasa. Utaona karibu kila pendekezo la utafiti la wanafunzi wetu lina namba 384 kama idadi ya watu wa kuchunguzwa, na fomula ya Kish ya mwaka 1965 ya kukokotoa idadi hiyo imenukuliwa pembeni. Namba hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Inatokana na kudhani kwamba jambo unalolitafuta lipo kwa nusu ya watu, kutaka jibu lisilopotoka zaidi ya asilimia 5 juu au chini, na kutaka uhakika wa asilimia 95: 1.96 mara 1.96, mara 0.5, mara 0.5, gawanya kwa 0.05 mara 0.05. Ukibadilisha dhana yoyote kati ya hizo, namba inabadilika. Sasa chukua kituo kinachozalisha akina mama 30 kwa mwezi: kuwapata 384 kutakuchukua karibu miezi 13 ukisubiri mlangoni, na mwanafunzi hana miezi 13. Ndiyo maana rejista na majalada yaliyokwisha kuandikwa humfaa mwanafunzi. Wagonjwa hao wamekwisha kupita, na kazi yako ni kuwasoma kwa uaminifu, ukiandika wazi kila mahali penye pengo.

Kuhusu fedha, utashangaa jinsi zinavyohitajika chache. KoboToolbox hukuwezesha kujaza fomu kwenye simu hata mtandao ukipotea, Zotero hupanga marejeo, na zote mbili unazipata bila malipo. Gharama zako halisi zitakuwa nauli, kuchapisha karatasi, na ada ya kamati ya maadili inayoidhinisha utafiti, kama chuo chako kinawatoza wanafunzi, jambo ambalo uliza mapema.

Sasa mlango wa profesa. Si lazima uanzie kwake. Tafuta mhadhiri kijana, au daktari anayesomea ubingwa, kwa kuwa hao wa shahada ya uzamili wanatakiwa kuandika tasnifu na mara nyingi wanafurahi kupata mwenzao wa kufikiri naye. Nenda na ukurasa mmoja, usiozidi: swali lako katika sentensi moja, kwa nini wodi inalihitaji, utalijibu kutoka wapi, na unaomba msaada gani hasa. Usiseme "naomba unisaidie na utafiti". Sema "naomba dakika 20 uniambie kama swali hili linajibika kwa rejista hii". Mtu mwenye shughuli nyingi hulikubali ombi dogo lenye mipaka, na akikubali la kwanza, la pili huwa jepesi. Akikataa, mshukuru, umwombe akutajie mwingine.

Halafu una kitu ambacho labda hujakihesabu. Umeniandikia Kiswahili kizuri. Hapo Isingiro, karibu na Mbarara, iko kambi ya wakimbizi ya Nakivale, ambako Wakongo wengi huzungumza Kiswahili, na watafiti wasiokijua huwahoji kupitia mkalimani, mara nyingine jirani au ndugu wa mgonjwa, kuhusu mambo ambayo mtu hawezi kuyasema mbele ya jirani. Mwanafunzi anayeweza kuisoma fomu ya ridhaa kwa Kiswahili kinachoeleweka na mama wa Kivu, na kutambua pale tafsiri ilipopotosha maana, anahitajika katika timu yoyote inayofanya kazi huko. Mtajie msimamizi wako jambo hilo siku ya kwanza.

SWALI

Nasoma Gulu, mwaka wa nne. Mhadhiri aliniomba nikusanye takwimu kutoka majalada 200 wakati wa likizo, nikafanya. Sasa nasikia makala inaandikwa na jina langu halimo. Je, nimeonewa? Pia nimepokea barua pepe ya jarida linaloahidi kuchapisha kazi yangu kwa siku tatu nikilipa.

JIBU

Dada, pole kwa kazi hiyo. Majalada 200 yenye mwandiko wa madaktari si mchezo. Ila nikujibu kwa haki. Kanuni ambazo majarida mengi ya tiba hufuata, zile za kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, humtambua mwandishi kwa masharti manne yanayokwenda pamoja: awe amechangia kwa uzito katika kubuni utafiti, kukusanya takwimu au kuzichambua, awe ameandika makala au kuihakiki kwa kina, awe ameridhia toleo la mwisho, na awe tayari kuwajibika kwa kazi nzima. Ukusanyaji wako unaweza kulitimiza la kwanza, lakini peke yake hautoshi. Aliyeishia hapo hutajwa kwenye shukrani.

Kanuni hizo hizo, hata hivyo, zinasema kwamba aliyetimiza sharti la kwanza apewe nafasi ya kuyatimiza mengine, na hapa ndipo ninapokuunga mkono. Mhadhiri anayempa mwanafunzi majalada 200 bila kumweleza swali la utafiti, na bila kumwalika kusoma rasimu, amemtumia kama mashine, nami sioni haya kulisema hilo mbele ya wenzangu. Mwandikie kwa adabu, leo, kabla makala haijatumwa: mweleze kwamba ungependa kushiriki katika uandishi, uombe upewe sehemu ya mbinu uiandike rasimu, kwa kuwa wewe ndiye unayejua majalada yalipatikanaje na mangapi yalikosa kurasa. Ombi hilo ni gumu kulikataa, maana ni la kufanya kazi. Siku nyingine zungumzeni jambo hili kabla hujafungua jalada la kwanza, na mliyokubaliana yaandikwe, hata kwa ujumbe mfupi.

Barua ya siku tatu ifute. Makala haiwezi kusomwa na wataalamu wawili na kurekebishwa kwa siku tatu, na anayeahidi hivyo anauza nafasi tu. Jarida ukilitilia shaka, tazama kama limo katika DOAJ, orodha ya mtandaoni ya majarida yanayosomwa bure yaliyokaguliwa, umwulize na mkutubi. Majarida mengi ya kweli yanayotoza ada huwasamehe waandishi kutoka nchi za kipato cha chini, Uganda ikiwamo, mradi waombe wakati wa kutuma makala; kwa hiyo usikopeshwe fedha na mtu kwa ajili hiyo.

SWALI

Mimi ni mzazi, Tororo. Binti yangu anasomea udaktari na sasa kila likizo anabaki hospitali eti anafanya utafiti. Ada ni ya kutafuta kwa jasho. Hauwezi kumchelewesha?

JIBU

Mama, wasiwasi wako ni wa haki. Masomo ya udaktari ni miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa mafunzo ya kazi, na utafiti mdogo unaofanywa likizo hauongezi hata muhula mmoja. Faida yake ataiona akiomba kusomea ubingwa, kwa kuwa huko tasnifu ni lazima. Mwulize mambo mawili akija nyumbani: nani anamsimamia, na kazi itakwisha lini. Akikutajia mtu na mwezi, mwache aendelee. Akisita, mwambie arudi kwa msimamizi wayapange upya, kwa sababu utafiti usio na mwisho ndio unaokula muda wa mitihani.

SWALI

Daktari, niko Mbale. Pendekezo langu bado liko mbele ya kamati ya maadili, na kwa kuogopa kuchelewa nimekwisha kuwahoji wagonjwa 60. Rafiki ananishauri nibadilishe tarehe kwenye fomu. Nifanye nini?

JIBU

Usibadilishe tarehe hata moja. Kosa ulilolifanya linatokana na haraka na linaweza kuelezwa. Hilo unaloshauriwa ni udanganyifu, na likigunduliwa litakufuata katika kazi yako yote ya udaktari.

Kamati za maadili ya utafiti nchini mwetu hufanya kazi kwa kuidhinishwa na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, nazo hazitoi kibali cha kurudi nyuma. Watu wale 60 waliketi mbele yako wakakueleza habari za miili yao kabla ya mtu yeyote wa kando kuangalia kama maswali yako yanaweza kuwaumiza, kama siri yao imelindwa, na kama fomu ya ridhaa inaeleweka kwa lugha yao. Kuangalia huko ndiko kazi ya kamati, na wagonjwa wetu, ambao wengi hawajui kwamba wanaweza kumkatalia mtu aliyevaa koti jeupe, wanauhitaji ulinzi huo kuliko wagonjwa wa mahali pengine popote. Hata kwa rejista na majalada, ambako kamati inaweza kukuruhusu usitafute ridhaa ya kila mgonjwa, uamuzi ni wa kamati, wala si wako wala wa msimamizi wako.

Kwa hiyo acha kuhoji leo. Majibu yale usiyachambue wala kuyaonyesha kwa mtu, na usiyachome, kwa kuwa kamati ndiyo itakayoamua yafanyiwe nini. Kesho asubuhi, kabla ya raundi, nenda kwa msimamizi wako ukiwa na fomu zote 60 kwenye bahasha iliyofungwa, umweleze kama ulivyonieleza mimi, kisha mwandike pamoja barua kwa kamati mkitaja idadi na tarehe zake za kweli.